Spea Iko Njiani

Leo nimeaibika mbele ya koo mbili na mbuzi watatu. Mbuzi nimewasamehe. Hao wengine bado nafikiria.

Kwa wale mnaonijua kwa jina tu, mimi ni Musyoka. Niko na boti pale bwawani, chini ya Ekalakala. Navusha watu kwenda upande wa Mbeere na kuwarudisha. Kwa barabara unazunguka mpaka unasahau ulikuwa unaenda kufanya nini. Kwa boti yangu unafika kabla bigiji unayotafuna haijaisha utamu. Hiyo ni kama injini iko sawa. Na hapo ndipo maneno yanaanzia.

Injini yangu nilinunua mpya. Mpya kabisa, na karatasi zake na waranti yake. Haikumaliza msimu mmoja, ikaanza kukohoa. Halafu ikanyamaza. Kampuni iliyoniuzia iko Nairobi (jina nalihifadhi, nimeshaongeza maadui wa kutosha leo). Wakatuma fundi wao, kijana msafi, akafungua kifuniko, akapima hapa na pale, akasema, "Hii ni koili. Imekufa. Lakini usijali, iko chini ya waranti. Tutaagiza spea."

Akafunga kifuniko. Akatoa stika ya kampuni, akaibandika pale kifuniko kinapokutana na mwili wa injini.

"Mtu yeyote asifungue hapa," akaniambia. "Stika ikitoka, waranti imetoka."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi ni mtu mzima.

Basi nikaanza kupiga simu. Kila nikipiga ile namba ya waranti, anashika mama mmoja, sauti laini kama ya mtangazaji wa redio wa asubuhi. "Asante kwa kupiga simu. Unaongea na Caroline, idara ya waranti. Nikusaidie vipi?" Namwambia shida. Ananisikiliza hadi mwisho. Kisha anasema, "Naelewa masikitiko yako, Bwana Musyoka. Spea iko njiani."

Njiani! Hiyo spea imetembea kuliko mimi. Kwanza ilikuwa kwa meli. Halafu meli ikawa imefika lakini spea bado haijashuka. Halafu imeshuka lakini inakaguliwa. Halafu imekaguliwa lakini iko stoo, na mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo. Mimi huku napiga kasia mpaka mabega yanalia kama mlango wa zamani. Wateja wangu wakaanza kuzunguka na barabara. Wengine wakaniambia wazi, "Musyoka, tukitaka mazoezi tutaenda kukimbia."

Nilimfokea huyo Caroline. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu angesikia angenichapa na umri huu. Yeye hakunifokea hata siku moja. "Naelewa masikitiko yako, Bwana Musyoka." Basi!

Sasa, mtu akikukera na huwezi kumfikia, unafanya nini? Unamwiga. Pale tunapoegesha boti kuna akina mama wanaouza samaki, na mimi nikawa sinema yao. Navua ndara moja, naiweka sikioni kama simu, nabana pua kidogo, naanza. "Asante kwa kupiga simu. Unaongea na Caroline..." Wanacheka mpaka wanashikana. Mama Kavata, ambaye ndiye mwenye kelele kuliko wote pale, alikuwa ananiitisha hiyo sinema kama mtu anayeitisha wimbo wake.

Halafu nikafanya kile nilichofanya.

Kuna fundi wa pikipiki anatoka Kyumbi, huja Ekalakala siku za soko. Anaitwa Nzioka. Anatengeneza kila kitu: pikipiki, posho mill, redio, hata mguu wa kitanda. Nilimweleza shida. Akaniuliza swali moja tu.

"Koili ya boti inafanya nini?"

"Inatoa moto."

"Na ya pikipiki?"

"Inatoa moto."

"Sasa?"

Nikaona ana hoja. Tukachemsha birika, tukaielekezea ile stika mvuke mpaka ikalegea kama ngozi ya maziwa. Nzioka akaingiza koili ya pikipiki, akaifunga na vipande vya blada, ule mpira wa ndani ya tairi, chini akaweka kipande cha mtungi wa plastiki wa manjano ili isigonge chuma. Injini ikawaka! Nilikaribia kumbusu. Tukarudisha kifuniko, tukabandika ile stika tena na gundi ya viatu. (Ilikuwa jioni. Taa ilikuwa hafifu. Kumbukeni hilo kwa huruma.)

Ilikuwa na tabia moja tu. Ikipata joto sana, inazima. Ukiiacha ipoe, inawaka. Nikaona hiyo si shida, hata mimi niko hivyo.

Waranti sikuacha kudai. Kwani ningeacha koili ya bure? Nilipiga simu, nikaendelea kulalamika vilevile kwamba injini haiwaki, nakufa njaa, watoto wanalia. (Sina watoto.) Ila ofisi ilipoanza kunipigia yenyewe, nikaogopa. Nilijua wanataka kumleta yule kijana msafi kuangalia injini. Nikawa naona namba yao, naitazama, inalia mpaka inachoka.

Sasa tuje leo.

Mzee Kitonyi, mnamjua yule mzee wa kofia na fimbo, aliniomba nivushe watu wake. Mtoto wa ndugu yake, Muema, amepata msichana ng'ambo, na leo ilikuwa ntheo. Kwa wasio Wakamba: hiyo ni ile siku unapeleka mbuzi watatu kwa kina msichana, na mbuzi wakishapokewa, huyo ni mke wako, hata kama sherehe za kanisa zitakuja baadaye. Mbuzi wasipofika, wewe ni mgeni tu aliyevaa vizuri. Kwa hiyo si mchezo.

"Injini iko sawa?" Mzee Kitonyi akaniuliza.

"Iko sawa kabisa, mzee."

"Kabisa?"

"Kama mpya."

Walikuja wamependeza. Muema na suti ya bluu na viatu vyeupe, mtu anayeenda majini na viatu vyeupe! Akina mama na leso za sare. Mama Kavata alikuwemo, kumbe ni binamu ya mama yake Muema. Kreti za soda, sukari, blanketi jipya la mama wa msichana. Mbuzi watatu, mmoja wao beberu mkubwa mwenye harufu ya kujitangaza. Nikasema mbuzi wafungwe miguu. Mzee Kitonyi akakataa.

"Mbuzi za ntheo hazifungwi kama wezi. Zitasimama."

Mwisho kabisa akaja mama mmoja, mtu wa makamo, na kofia pana ya jua. Anashikiliwa mkono kama mgonjwa.

"Huyu ni shangazi ya Muema," Mzee Kitonyi akanijulisha. "Mbithe, dada yangu wa mwisho. Ametoka Syokimau jana. Maji anaogopa, mshughulikie."

Nikamsalimia kwa Kikamba, akaniitikia kwa Kikamba, sauti haitoki. Akaniuliza kama hapo katikati ni kina kirefu. Nikamwambia si sana. (Ni kirefu sana.) Akaniuliza kama kuna mamba. Nikamwambia leo ni Jumamosi. Sijui nilimaanisha nini. Akavaa jaketi la kuelea, juu yake akataka la pili, akakaa nyuma kabisa karibu na injini kwa sababu aliona hapo ndipo mimi nipo, akafumba macho na kuanza kuomba kimyakimya.

Injini ikawaka mara moja. Niliwatazama watu wote usoni, mmoja mmoja, kama mtu aliyeivumbua.

Tukaenda. Upepo mzuri. Akina mama wakaimba. Ng'ambo tukaanza kuona watu wamesimama kando ya maji na miavuli ya rangi, kina msichana, nao wanaimba wakitusubiri. Ilikuwa inapendeza, siwezi kusema uongo. Niliongeza mwendo kidogo. Mnajua mtu akitazamwa anavyokuwa.

Katikati ya bwawa, injini ikasema *kho*.

Halafu ikasema *kho, kho*.

Halafu haikusema kitu.

Boti ikateleza kidogo na ikasimama. Kimya. Beberu akalia mara moja, akatazama huku na huku, kama aliyetarajia hilo.

Nikavuta kamba ya kuwashia. Hakuna. Nikavuta tena. Hakuna. Nikavuta mpaka shati likatoka kwa suruali.

"Kapteni," Mzee Kitonyi akaita kutoka mbele bila kugeuka. "Tumefika?"

"Bado, mzee. Tunapumzisha injini kidogo."

"Imechoka?"

"Kidogo."

"Si ulisema ni kama mpya?"

Ng'ambo, wimbo ukaanza kupungua. Miavuli ikasogeleana. Muema akaangalia saa, akaniangalia mimi, akaangalia saa. Mama mmoja akauliza kama tunarudi nyuma. Nikaona nisipowashika hawa watu kwa maneno, wataogopa, wakiogopa watasimama, na wakisimama tutalala wote huko chini. Injini ilihitaji tu kupoa. Mimi nilihitaji tu kujaza muda.

Kwa hiyo nikahutubia.

"Jameni, msinilaumu mimi," nikaanza. "Laumuni waranti!"

Nikawaeleza yote. Meli, stoo, ufunguo, likizo. (Sehemu ya birika sikuitaja.) Nilieleza kwa uchungu kabisa. Watu wakaanza kunihurumia. Akina mama wakawa wanapiga ulimi, "Ai, watu wa Nairobi!" Nikaona nimepona.

Ndipo Mama Kavata akapiga makofi. "Kapteni! Wafanyie ile ya mama wa waranti!"

"Hapana," nikasema. "Si mahali pake." Na huku mkono tayari unavua ndara.

Nikaiweka sikioni. Nikabana pua. "Asante kwa kupiga simu. Unaongea na Caroline, idara ya waranti. Nikusaidie vipi?"

Boti nzima ikacheka. Hata Muema na woga wake akatabasamu. Sasa mimi nikipata watu sijui kuacha. Nikakaza. Nikamfanya Caroline anajibu simu huku anapaka kucha rangi. Nikamfanya anakunywa chai na mandazi, na miguu yake ameiweka juu ya boksi, na boksi ndilo spea yangu. "Naelewa masikitiko yako, Bwana Musyoka, hebu kwanza nimeze." Nikasema huyo mama boti ameiona kwa kalenda tu. Nikasema akizaa, mtoto ataambiwa yuko njiani mpaka aote ndevu.

Mzee Kitonyi alikuwa anafuta machozi. Mama Kavata alikuwa amelala juu ya mapaja ya mwenzake.

Na hapo nyuma yangu, karibu kabisa, nikasikia:

"Naelewa masikitiko yako, Bwana Musyoka."

Nikageuka. Ni yule shangazi. Macho bado amefumba, mikono yote miwili imeshika ukingo wa boti.

Nikafurahi! Hata yeye ameacha kuogopa! "Ee! Hivyo hivyo!" nikamwambia. "Mama ameshika vizuri! Hebu ongeza pua kidogo."

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia aongeze pua.

Akafungua jicho moja.

"Tafadhali nisomee namba ya injini yako," akasema, na sauti ilikuwa laini kama ya redio ya asubuhi, "kisha uniambie tena ile shida yako ni gani."

Ndara ilikuwa bado sikioni. Sikujua kama niiondoe. Nilihisi damu yote imeteremka kwa miguu, na mguu mmoja hauna kiatu.

"Mbithe," Mzee Kitonyi akauliza, "kwani mnajuana?"

"Tunaongea mara kwa mara," shangazi akasema. "Kazini naitwa Caroline. Ni jina langu la ubatizo."

Hakuna aliyecheka. Ni mbaya zaidi watu wasipocheka, hilo nimejifunza. Mama Kavata alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na naamini mpaka sasa anakitafuta.

Yule mama akafungua na jicho la pili. Akaniangalia, akaiangalia injini. Woga wa maji ulikuwa umemtoka kabisa. Alikuwa ofisini.

"Bwana Musyoka. Wewe ulituambia injini haiwaki."

"Ndiyo, madam."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, madam."

"Sasa hapa katikati tumefikaje?"

Nilifikiria. Nilifikiria kwa nguvu zangu zote.

"Kwa neema," nikasema.

"Amina," mama mmoja akaitikia kutoka mbele, maskini, alidhani ni maombi.

Shangazi akainama kuitazama ile stika. Akageuza kichwa upande mmoja. Akageuza upande mwingine. Hapo na mimi ndipo nikaona, mchana kweupe, kitu ambacho sikukiona jioni ile: stika ilikuwa imesimama kwa kichwa. Maandishi yote yanaangalia chini.

"Hii ni stika yetu," akasema. "Lakini sisi huibandika mtu aweze kuisoma."

Akanusa. "Na hii ni gundi ya viatu?"

"Fungua tuone," Mzee Kitonyi akasema, na hiyo haikuwa sauti ya kubishana nayo. Nikafungua kifuniko. Vikaonekana vipande vya blada. Ukaonekana mtungi wa manjano. Muema, ambaye ana pikipiki yake, akanyoosha shingo.

"Wee! Hiyo si koili ya pikipiki?"

Nilimtazama vibaya. Mtu anakuja kuoa, anaingilia mambo ya injini!

"Madam," nikaanza, "nilifanya hivyo kwa sababu spea ilikuwa njiani..."

"Spea ilifika."

"Lini?"

"Iko juu ya meza yangu. Nimekupigia simu wiki nzima, hushiki."

Nikatafuta uongo haraka. Mtu akiwa kwa shimo, mkono unaendelea kuchimba wenyewe. "Simu yangu ina shida, madam. Haipokei. Hata kuita haiiti."

Alitoa simu ya kazi kwa mkoba, akabonyeza.

Simu yangu mimi huiweka ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, na leo nilikuwa nimeuacha huo mfuko mbele, kando ya Mzee Kitonyi. Ikaita. Ikaita kwa sauti ya juu kabisa, wimbo wote. Mzee Kitonyi akaiokota. Akavaa miwani. Mzee ni mtu wa adabu, hawezi kukupa simu bila kukwambia nani anakupigia. Akaishika mbali na uso, akasoma polepole, neno kwa neno, mbele ya watu wote:

"Kapteni, unapigiwa na... *Mwongo wa Spea*."

Nilitamani mamba. Kweli, nilitamani mamba mmoja tu, wa kiasi.

Shangazi akakata simu. Akairudisha kwa mkoba, akaufunga. "Inapokea vizuri," akasema.

Injini haikuwaka tena. Nafikiri na yenyewe iliona aibu. Kasia lilikuwa moja, nikalichukua mimi. Muema akang'oa ubao wa kiti, akavua koti la suti, akapiga maji upande wa pili. Akina mama wakatumia kifuniko cha sufuria. Hakuna aliyeniongelesha isipokuwa Mzee Kitonyi, ambaye kila baada ya muda alikuwa anasema "Kushoto" kwa sauti ya mtu anayehesabu makosa.

Tulipokaribia ufuo, wale wenyeji wakaanza kuimba tena kwa kutuhurumia. Beberu akasikia kelele, akaona nchi kavu, akaona ameshavumilia vya kutosha. Akaruka! Mzee Kitonyi akapiga yowe, "Mbuzi ya ntheo!" Sikufikiri. Nikaruka nyuma yake na nguo zote. Hapo maji ni ya kiuno, lakini chini ni matope, ndara zote mbili zikabaki huko. Nilimshika pembe, akanivuta, nikaanguka, nikainuka, mwishowe nikambeba mabegani na kutoka majini naye, natiririka matope, mbele ya ukoo wote wa msichana.

Nyanya yake msichana haoni vizuri. Akanijia moja kwa moja na mikono miwili, akaushika uso wangu, akanipapasa.

"Huyu ndiye mkwe? Karibu, mwana. Nguvu anazo," akawaambia wengine. "Lakini mbona mmetuletea mzee?"

Hapo ndipo watu walicheka. Pande zote mbili, kwa pamoja. Mimi na beberu tu ndio hatukucheka.

Wazee wa ng'ambo walikaa kikao palepale. Wageni wamechelewa, na kuchelewa kuna faini. Wakauliza nini kiliwachelewesha. Nikajitokeza haraka. "Ni hitilafu ndogo tu ya mitambo, wazee wangu." Shangazi Mbithe akakohoa. Mara moja tu, kikohozi kidogo. Mzee Kitonyi akasema, "Kapteni, waeleze vizuri. Hata ile hotuba yako wafanyie. Faini yetu ni hiyo."

Mimi nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wazee wa ng'ambo waliposikia ni hotuba ya kuchekesha, wakakubali ndiyo iwe faini. Wakavuta viti.

Kwa hiyo nilimwiga Caroline mbele ya Caroline. Bila viatu, suruali inatiririka, kiganja sikioni kwa sababu ndara ilishazama. Nilijaribu kupunguza makali. Mama Kavata, ambaye adabu ilikuwa imemwisha tena, akawa ananikumbusha sehemu ninazoruka. "Bado ile ya mtoto wa ndevu!" Yeye mwenyewe Shangazi alikaa kiti cha mbele, sahani mapajani, ananisikiliza hadi mwisho kama anavyonisikiliza siku zote. Nilipofika kwa chai na mandazi akanikatiza.

"Mandazi yananipa kiungulia," akasema. "Chai yangu ni na viazi vitamu."

Wakacheka mpaka mzee mmoja akapigwa mgongo. Mbuzi wakapokewa. Wote watatu, beberu akiwa amelowa. Muema sasa ana mke, na nampongeza, ingawa ana mdomo.

Baada ya chakula nilimfuata Shangazi pembeni. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yakapotea. Nikasema tu, "Madam, nisamehe."

Aliendelea kufuta mikono na leso. "Musyoka," akasema. Bila Bwana. Na kwa Kikamba. "Unajua kwa nini simu zako zote nilikuwa nashika mimi?"

Sikujua.

"Niliona kwa karatasi zako pameandikwa Ekalakala. Nikawaambia wenzangu, huyu wa kwetu niachieni. Kule stoo nimegombana mpaka wakiniona wanafunga mlango. Hiyo koili si ya kwanza kufika. Ya kwanza walimpa mteja mwingine, mkubwa, na hii pia wakataka kumpa. Nikakaa juu ya boksi."

"Ulikaa juu ya boksi?"

"Nilikaa juu ya boksi."

Nilitazama matope yaliyokuwa yanakauka kwa vidole vya miguu. Watu wangu, nimetukanwa mara nyingi maishani. Hakuna tusi limewahi kunipata pale maneno hayo yalinipata.

"Na sasa?" nikauliza.

"Waranti umeiua wewe mwenyewe. Siwezi kusema sikuona, nimeona na macho yangu, na kaka yangu ameshuhudia. Jumatatu piga simu ofisini. Utaulizwa kama injini ilifunguliwa. Useme ndiyo. Ukisema ndiyo, nitaona kama wanaweza kukuuzia hiyo koili kwa bei ya wafanyakazi. Ukisema hapana..."

Akaenda kusaidia kuosha vyombo.

Kundi lote limerudi nyumbani kwa barabara. Wamekodi pikapu, wakazunguka bwawa lote. Shangazi alikaa mbele na dereva, akanipungia mkono bila chuki, na kusema ukweli hiyo ndiyo ilinimaliza. Mama Kavata alipanda nyuma, na kabla hawajapinda kona tayari nilisikia anaanza, amebana pua, "Asante kwa kupiga simu, unaongea na Kapteni Musyoka, injini ni kama mpya..." Na wanacheka. Kwa hiyo sinema imepata mwenyewe mpya.

Mimi bado niko huku ng'ambo, miguu mitupu, nimekaa kwa boti nikiandika haya. Nimejaribu injini. Imepoa kabisa, haina sababu yoyote ya kukataa. Imekataa.

Kabla hujamwiga mtu wa simu, uliza kwanza kwao ni wapi. Na anayetaka kucheka, aje na kasia.